Umeumia ukisambaza mizigo na kampuni inasema "wewe si mwajiriwa wetu"? Usikubali haraka

Mkuu, nimesoma swali lako. Umeteleza kwenye ngazi ya mteja ukiwa na katoni mikononi, goti limevimba, na msimamizi kakwambia kwa kuwa ulisaini mkataba wa mkandarasi huru, matibabu ni juu yako. Unauliza kama kuna la kufanya. Lipo. Nimeendesha gari la vifurushi kwa miaka mingi, nimeumia kazini, nimedai nikalipwa, na tangu hapo nimewasindikiza wenzangu kadhaa kwenye madai yao. Sheria hutofautiana nchi na nchi, hivyo mtafute pia mwanasheria wa kwenu, hasa wa chama cha wafanyakazi au wa msaada wa kisheria, ambao wengi hawatozi kitu kukusikiliza.

Kwanza, ulivyoumia si jambo la ajabu. Watu wakisikia dereva kaumia wanawaza ajali ya barabarani. Hizo zipo na zinaua, na kwa wa pikipiki helmeti si ya kumridhisha trafiki: utafiti umeonyesha inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini wengi niliowaona wakiiacha kazi hii kabla ya umri waliumia gari likiwa limesimama. Unaruka chini kutoka kwenye kiti siku nzima, mguu uleule ukitangulia, mpaka goti linachoka. Unainama ndani ya gari, unanyoosha mkono kuvuta boksi lililo nyuma kabisa, kisha unageuka nalo kiuno kikiwa kimepinda. Mgongo huharibikia hapo. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, inachukua kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua katika hali nzuri kabisa: mzigo u karibu na mwili, una pa kushika, hujajipinda. Hali ikiwa mbaya kikomo kinashuka sana. Sasa fikiria mzigo wa kilo hizohizo, umelowa, unapandishwa ngazi isiyo na taa, na programu ya simu inakuonyesha umechelewa.

Maumivu ya aina hiyo huja polepole, na hayo pia yanadaika. Sheria nyingi zinatambua majeraha na magonjwa yanayotokana na kazi yenyewe, siyo tukio la ghafla tu. Ugumu wake ni ushahidi, kwa hiyo siku daktari akikwambia mgongo umeharibiwa na kubeba, iandike tarehe hiyo. Mara nyingi muda wa kudai huhesabiwa kuanzia hapo.

Mimi niliumia nikiwa nyuma ya gari langu, milango iko wazi, natafuta kifurushi. Gari jingine likarudi nyuma likanibana mguu kwenye bampa. Nilikuwa na njia mbili kwa mpigo, na madereva wengi huijua moja tu.

Njia ya kwanza ni fidia ya kuumia kazini. Mfumo huu ulianza Ujerumani mwaka 1884 na sasa uko katika nchi nyingi. Msingi wake ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, ila kwa kawaida naye hupoteza haki ya kumshtaki mwajiri huyo mahakamani. Kwa hiyo msimamizi akikwambia "ulikuwa na haraka, kosa ni lako", hilo peke yake halikufungii mlango. Fidia hulipa matibabu, sehemu ya mshahara ukiwa nje ya kazi, na ulemavu wa kudumu ukibaki nao. Maumivu yenyewe kwa kawaida hailipii.

Njia ya pili ni kumdai mtu wa tatu: dereva aliyekugonga, mwenye nyumba aliyeacha ngazi mbovu, mwenye mbwa. Hapa lazima uonyeshe uzembe, isipokuwa kwenye mambo kama mbwa ambako sheria za baadhi ya nchi hazidai hivyo. Lakini unaweza kulipwa kipato chote kilichopotea pamoja na maumivu. Kumbuka tu kwamba mfuko wa fidia uliokwisha kukulipia matibabu unaweza kudai urudishiwe kutoka kwenye fedha hizo. Kwa kesi yako, kama ngazi ilikuwa na utelezi usiotarajiwa au kidato kimevunjika, rudi ukaipige picha kabla hawajaitengeneza.

Sasa hilo la "mkandarasi". Karatasi haina neno la mwisho. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa kazi upimwe kwa kazi inavyofanyika kweli, si kwa jina lililoandikwa kwenye mkataba. Novemba 2018 mahakama ya juu ya Ufaransa ilikubali kwamba msambazaji wa Take Eat Easy, kampuni ya kupeleka chakula kwa oda za simu, alikuwa chini ya amri ya kampuni, kwa sababu ilimfuatilia kwa GPS na kumpa adhabu. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa madereva wa Uber hadhi ya wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Sitaki nikudanganye: mwaka 2023 mahakama hiyohiyo iliwakatalia wasambazaji wa Deliveroo, kampuni nyingine ya kupeleka chakula, kwenye shauri la kutaka chama chao kijadiliane na kampuni kwa niaba yao, na kilichowaangusha zaidi ni kwamba waliruhusiwa kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yao. Kwa hiyo jiulize: nani anapanga bei? Ukikataa oda unaadhibiwa? Unaweza kumtuma mdogo wako? Unavaa sare yao? Majibu yako, na ushahidi wake, ndiyo kesi.

Ushahidi huo uhifadhi leo. Niliona mwenzetu aliyefungiwa akaunti muda mfupi baada ya kuripoti ajali. Historia ya safari zake zote ikapotelea humo. Piga picha za skrini: oda ya siku hiyo, saa, ramani, alama za adhabu, ujumbe wa msimamizi. Ripoti ajali kwa maandishi hata kama ulishapiga simu. Na hospitali usiseme "nimeanguka", sema "nimeanguka nikipeleka mzigo kazini", kisha hakikisha imeandikwa hivyo kwenye faili. Ofisa wa bima hutafuta mstari huo kabla ya mwingine wowote.

Kama unatumia chombo chako mwenyewe, toa hati ya bima uisome. Bima nyingi za gari la binafsi hazilipi ukiwa kwenye usambazaji wa malipo, na zile za kampuni za programu mara nyingi huanza pale unapokubali oda, si unapokuwa umewasha programu unasubiri.

Wakikupigia wakakwambia wana kiasi kidogo cha kukusaidia na kuna fomu ya kusaini, usisaini kabla daktari hajasema goti limefikia mwisho wa kupona. Fomu hizo huwa zinafuta madai yote, pamoja na upasuaji ambao bado hujaambiwa kwamba utauhitaji.

Kesho asubuhi mwandikie msimamizi ujumbe mfupi: tarehe, saa, mahali, ulivyoanguka, kwamba unadai fidia, na kwamba unaomba jibu la maandishi. Wakikataa, hiyo barua ya kukataa itunze na bahasha yake, kwa sababu muda wa kukata rufaa mara nyingi huanza kwenye tarehe iliyo juu yake au siku ulipoipokea.