Video yetu ya kwanza ilikuwa na dakika 11, na hakuna aliyeimaliza

Mwaka 2023 tulipangwa watano kwenye kundi moja la mradi: mmoja anasoma uhandisi wa maji, mmoja uandishi wa habari, wawili uhasibu, na mimi sosholojia. Kazi ilikuwa kutengeneza video inayoonyesha jinsi chuo kinavyotunza mazingira. Mada ya maji haikutupa shida. Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, na hakuna kati yetu aliyekuwa amesahau kupandisha dumu ngazi za hosteli. Tulikubaliana siku hiyohiyo. Yaliyobaki yote tuligombana.

Toleo la kwanza lilianza na geti la chuo, ikafuata hotuba ya mkubwa mmoja, halafu miti, halafu grafu. Neno "uendelevu" lilitajwa hadi likachosha. Tukawaita majirani wa hosteli waitazame. Mmoja alitoka kwenda kuchomeka simu chaji, akarudi akatukuta bado kwenye hotuba.

Kamera haikuwa na kosa. Kila mtu alikuwa amechomeka kipande cha fani yake ili mwalimu wake akione: mhandisi na grafu, wahasibu na jedwali, mwanahabari na machweo ya jua, na mimi na mahojiano ya watu 14 (kumi na wanne!) wanaosema kitu kilekile. Ilikuwa kama pishi la kuchangiana ambalo kila mtu kaleta chumvi.

Kilichotuokoa ni ndoo. Ghorofa ya pili kulikuwa na koki inavuja, imezoeleka mpaka hakuna anayeisikia. Mhandisi akaweka ndoo ya lita 20 chini yake, akawasha saa ya simu. Dakika ya 25 ndoo ikajaa. Yeye alitaka tuandike "lita 0.8 kwa dakika". Mhasibu mmoja akazidisha: lita 1,152 kwa siku. Mwanahabari akakataa zote mbili, akauliza hizo ni ndoo ngapi. Hamsini na saba na ushee.

Tukaanza kuazima ndoo vyumbani ili tuzipange koridoni. Zilipofika 31 mwanahabari akasema zinatosha, tuzipige picha mara mbili kisha tuunganishe. Mhandisi akagoma kabisa: kama tunasema 57, ziwe 57. Nilimwona msumbufu, maana jua lilikuwa linatuacha. Tukapanda ghorofa nyingine kugonga milango. Watu wakatoka na ndoo zao wakiuliza kama mgawo umerudi, wakabaki pale koridoni wanahesabu na sisi. Video haijakatwa hata kipande, na tayari nusu ya hosteli inaijadili ile koki.

Kwa hiyo, kama mmechanganyika fani, kabla ya kugusa kamera kubaliana nani ana neno la mwisho kwenye nini. Sisi baada ya siku ile, namba zilikuwa za mhandisi: akisema haiingii, haiingii. Kukata na kuunganisha kulikuwa kwa mwanahabari, na alikata mahojiano yangu 13 bila huruma. Mimi nilibaki na watu: nani ameombwa ruhusa, nani hataki sura yake ionekane. Wahasibu walishika pesa na ratiba, na bila wao tungekuwa tunarekodi mpaka leo.

La sauti nalisema haraka kwa kuwa kila mtu hulijua akishachelewa. Picha ikitetemeka kidogo watu huvumilia, lakini sauti iliyomezwa na feni au bodaboda hawaivumilii. Zima feni. Simu ya pili iweke karibu na mdomo wa anayeongea, irekodi sauti peke yake. Na maneno yaandikwe chini ya picha, maana wengi huifungua WhatsApp wakiwa darasani, sauti imezimwa. Yetu iliishia dakika 1 na sekunde 40. Ikizidi hapo, mwenye kifurushi kidogo anaangalia MB kwanza kabla ya kubonyeza.

Mahojiano yaliyobaki ni ya mama wa usafi wa ghorofa ile. Tulipomwamkia shikamoo na kumuuliza kuhusu koki, alicheka. "Wanangu, hiyo nimeisemea mara tatu." Hapo kundi likagawanyika. Wawili walitaka tuirushe usiku uleule, ofisi inayosimamia majengo iaibike. Mimi na mhandisi tukasema tuipeleke kwao kwanza, kwa sababu sisi tungemaliza mradi tukaondoka, na mama angebaki pale na wakubwa wake wanaojua aliyesema. Tukapiga kura, tukashinda kwa sauti moja. Ofisini walitazama kimya, wakasema mipira ya koki ilikuwa imeisha stoo. Siku ya pili fundi akaja. Wenzangu wale hadi leo wanasema tulijipendekeza.

Kuna swali moja ambalo hatukumuuliza mama, watano wote na fani zetu nne. Wiki moja baada ya koki kupona nilimkuta anapanda ngazi na ndoo mkononi, anahema. Kumbe siku zote yale maji yaliyokuwa yakivuja alikuwa akiyakinga, ndiyo aliyodekia ghorofa nzima, na bomba lingine analoruhusiwa kuchota liko chini, nyuma ya jengo. Nikampokea ndoo.

"Mmeniziba koki yangu," akasema. "Haya, na video ya ngazi mnaitengeneza lini?"