Unataka kujitolea na watoto kisiwani? Hesabu kwanza siku zako

Mwaka juzi Oktoba nilienda Mafia kwa sababu moja tu, kuona papa potwe, maana ndo msimu wao unaanza na wanakaa pale usawa wa Kilindoni mpaka kama mwezi wa tatu hivi. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili nikajiambia potwe siku mbili zinatosha, zilizobaki naenda kisiwa kidogo kujitolea shuleni, nifundishe watoto Kiingereza, nicheze nao, na picha kadhaa za kuposti. Sijifichi, picha zilikuwemo kwenye hesabu.

Basi kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, boti mpaka Kilindoni, bodaboda mpaka Utende (pale kuna geti la hifadhi ya bahari, ukilipa tunza risiti yako), halafu mashua mpaka Jibondo. Rafiki yangu ana shangazi yake huko ndo akanipokea, na hapa niseme mapema, kama huna mwenyeji usiende. Siyo kwa ajili ya kulala tu, mwenyeji ndo atakayekwambia mambo ambayo watu wengine watayanyamazia kwa heshima ya mgeni. Mfano mimi siku ya kwanza nimefika na jasho la safari nikaoga ndoo mbili nzima, nimejimwagia kweli kweli, natoka nje mtoto wa jirani ananiangalia ananiambia, "Maji hayo yamevuka bahari." Kumbe Jibondo haina maji baridi ya kutosha, wanakinga ya mvua na mengine wanayaleta kwa madumu kwenye vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Shangazi asingesema neno hata mwezi mzima. Kuanzia hapo naoga kopo tano.

Kesho yake shangazi akanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, nikajieleza, wakanipokea vizuri tu. Tukaenda shule. Mwalimu mkuu akaniuliza kwanza barua ya halmashauri iko wapi, sina, nikarudi Kilindoni kuihangaikia na siku mbili zikaondoka hivyo. Nilinuna wakati ule lakini sasa hivi namwelewa kabisa, wewe ni mtu usiyejulikana unataka kuingia kwenye watoto wa watu, kwa nini usiulizwe? Shule inayokuruhusu uingie darasani bila swali ndo ya kuiogopa. Na wale wenye marafiki kutoka nje wanaotaka kuja kujitolea, visa ya utalii haiwaruhusu hata kama hawalipwi, wanatakiwa kibali cha ukaazi daraja C, hilo walimalize kabla hawajapanda ndege.

Niliporudi na barua mwalimu mkuu akaniuliza, "Unakaa siku ngapi?" Nikasema nilipanga kumi. Akachukua chaki akaanza kutoa pale ubaoni kama ananifundisha hesabu za la pili. Mbili umeshamalizia Kilindoni. Toa Jumamosi na Jumapili. Toa Alhamisi, maana kuna mwamba ulifungwa miezi kadhaa pweza wakue na siku hiyo unafunguliwa, kijiji kizima kiko baharini. Zimebaki tano. "Sasa mwalimu, siku tano utawafanya nini darasa la kwanza?"

Sikuwa na jibu. Darasa la kwanza ndo nililokuwa nalitaka, vile vidogo, vizuri kwenye picha. Akanieleza taratibu kwamba wale wana mwalimu wao na ana mtiririko wake wa kuwafundisha kusoma, nikiingia mimi siku tano nikawaimbisha nyimbo za Kiingereza nikaondoka, yeye ndo atabaki na wiki mbili za kuwatuliza. Ila kama kweli nataka kusaidia kuna watoto hakuna anayewashika: darasa la saba. Wamefanya mtihani mwezi wa tisa, wapo tu, Januari watakaofaulu wanaingia kidato cha kwanza na kila somo linageuka Kiingereza kasoro Kiswahili. Mjini wenzao wanalipiwa tuisheni ya pre fomu wani, wao wako ufukweni wanasubiri matokeo.

Yaani hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: uliza pengo liko wapi, usije na pengo lako kutoka nyumbani. Wa miaka kumi na tatu, kumi na nne hawakukumbatii, hawakukimbilii, wana aibu na wengine wanakucheka, lakini ndo waliokuwa wananihitaji.

Tulikaa asubuhi chini ya mti, kumi na moja siku ya kwanza, kumi na tisa siku ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa na sarufi nikaiacha siku hiyo hiyo kwa sababu nilichogundua ni kwamba shida kubwa ni yale maneno ya maswali, taja, eleza, linganisha, chora. Mtoto jibu analo ila hajui swali limemtaka afanye nini. Kwa hiyo tukashika hayo tu, na mfano tukachukua bahari, maana hapo wao ndo walimu. Kijana mmoja alinieleza bamvua, kwa nini mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakupwa mbali mpaka akina mama wanatembea mwambani kutafuta pweza, kaeleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa jiografia, afu tukakigeuza kile kile kwa Kiingereza sentensi moja moja. Maneno yote tukayaandika kwenye kaunta buku moja, likabaki kwa binti mmoja mwenye mwandiko mzuri. Tulikuwa sehemu ya wazi, mama mmoja au wawili wanasuka ukili pembeni, na nashauri iwe hivyo siku zote, usijifungie na mtoto wa mtu popote hata kwa nia njema. Na ukiona jambo baya linamhusu mtoto, namba ni 116, bure.

Mchana wanasambaa. Nikauliza wameenda wapi nikaambiwa "chuoni", mi mtu wa bara nikashangaa kisiwa hiki kina chuo! Kumbe madrasa. Usipange mechi wala kipindi muda huo, na mavazi nadhani sina haja ya kukueleza.

Picha? Baba mmoja aliniona na simu akaniuliza kwa upole, "Hiyo inakwenda wapi?" Nikabaki natafuta maneno. Nilifuta zote zenye sura za watoto, nina picha za mashua na mikono ikiandika. Zawadi nazo nilikosea, nilibeba kalamu thelathini na pipi, nikagawa njiani, waliokosa wakalia na wawili wakapigana. Mpe mwalimu mkuu kila kitu, ye ndo anajua nani hana daftari.

Ila kosa lililonikaa ni lingine. Kulikuwa na katoto ka jirani, yule yule wa maji, miaka sita hivi, jioni zote yuko na mimi. Siku naondoka akaniuliza utarudi lini, mi nikaona nimfurahishe, "Ntarudi mwezi wa kumi na mbili, ntakuletea mpira." Nikasahau. Januari shangazi kanipigia tunasalimiana, katikati ya maongezi ananiambia yule mtoto kila mashua ikitoka Utende anashuka pwani kuangalia abiria. Hakunilaumu, alisema tu hivyo akaendelea na habari za vitunguu kupanda bei. Sasa hivi nikienda popote mtoto akiniuliza namwambia siku naondoka, na kwamba kurudi sijui. Ananuna, anaenda kucheza, basi.

Nilirudi Juni, likizo ya shule, kusi linavuma mashua inarukaruka mpaka nimetapika, mpira nimeukumbatia kwapani. Nilimkuta pale pale pwani. Akanipa shikamoo kama anavyompa mgeni yeyote, nikaitikia marahaba, akauangalia mpira, akauliza, "Wa nani?" Nikamwambia wako. Akauchukua akakimbia nao, hata jina langu hakuuliza.