Benchi lenye maboksi ya maua: mninga au paini?

SWALI: Habari za kazi. Nipo Mbezi, nina kauwanja kadogo mbele ya nyumba kanapigwa jua kuanzia saa saba, nataka benchi la mbao lile lenye boksi la maua kila upande, watu wanakaa katikati. Fundi anasema tuchukue mninga, maboksi ndani ayapake oili chafu, atandike nailoni, tujaze udongo. Mume wangu anasema paini inatosha. Nani mkweli? Nataka kupanda mchaichai na mrehani.
Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, salama tu. Mumeo kashinda, ila kwa sharti: iwe paini ya dawa, ile yenye ukijani kijani. Paini nyeupe ya kawaida ukiiweka chini hapo Mbezi mchwa watakushukuru. Mninga ni mbao ya heshima sana, mi nauweka sebuleni, kuuanika juani na masika kwa bei ile naona ni kuitesa hela bure. Kama mfuko unaruhusu, nje chukua mtiki.

Sasa hapo kwa fundi ndo kuna ishu. Udongo mbichi usigusane na mbao kabisa, nailoni ikitoboka tu, na itatoboka, maji yanakaa kati yake na mbao hayatoki, boksi linaoza kuanzia ndani wewe nje unaona zuri tu. Halafu uzito jamani! Boksi la sentimita 45 kila upande likijaa udongo uliolowa linapita kilo 120. We mwambie boksi liwe koti tu, ndani unatumbukiza ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini, imekaa juu ya vipande viwili vya mbao, na sakafu ya boksi iachwe nafasi nafasi maji yashuke hadi chini. Mmea ukigoma unatoa ndoo unaweka nyingine, benchi haliguswi.

Oili chafu kataa kabisa. Ni mabaki ya injini, itachafua nguo za wageni na wewe unapanda vitu vya kunywa na kula. Hata dawa ya paini ni sumu, zile nyingi za kijani zina shaba na aseniki, kwa hiyo ndoo inasaidia na hapo pia, na vipande vitakavyobaki visiende jikoni wala kuchomea mishkaki, moshi wake ni hatari.

Vipimo: kikalio sentimita 45 kutoka chini, urefu kati ya maboksi mita 1.2, fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne mbele na nyuma na kipande kimoja katikati kisibonyee, ifungwe kwa bolti kwenye maboksi. Mbao za kukalia ziachiane milimita 5 hivi. Skrubu ziwe za stenlesi, misumari ya kawaida kwa hewa yetu ya chumvi inalia kutu upesi. Miguu ikae juu ya pevingi.

Mchaichai na mrehani vyote vinapenda jua, sema mchaichai unatanuka balaa, upe ndoo yake peke yake. Ila chini ya ndoo usiweke sahani ya kukinga maji, mbu wa dengi wanazaliana humo humo, na Dar ilishaumwa dengi 2014 na 2019.