"Inclement" ni ya mvua, si ya biashara

SWALI: Ndugu wahariri, nipo kwenye ofisi ya tiketi za boti. Bahari ikichafuka tunawabandikia wageni tangazo: "Cancelled due to an inclement weather." Juzi kwenye ripoti niliandika "inclement business conditions", bosi akalipiga neno hilo mstari mwekundu bila kunieleza. Nimekosea wapi?
Karani wa tiketi, Pemba

JIBU: Umekosea mara mbili, na bosi ameona moja tu.

Neno hili asili yake ni Kilatini: "clemens" ni mpole, mwenye huruma, na "in-" inakanusha. Ndiko lilikotoka jina la Klementi, na pia "clemency", msamaha ambao rais humpa mfungwa. Zamani hata mtawala katili aliweza kuitwa "inclement". Siku hizi neno limebaki na hali ya hewa tu, tena ya baridi, mvua kubwa, upepo na dhoruba. Jua la Februari, hata likuunguze vipi, halimo. Wajenzi wanalijua hilo: mkataba wa ujenzi wa JCT (Joint Contracts Tribunal, chombo cha Uingereza kinachotunga mikataba ya mfano ya ujenzi) wa 1963 ulimruhusu mkandarasi kuomba muda zaidi kwa "exceptionally inclement weather", toleo la 1980 likaweka "adverse weather conditions", maneno yanayobeba joto kali na ukame pia.

Basi kwenye ripoti andika "adverse" au "unfavourable". "Adverse" huenda na soko, na hewa, hata na madhara ya dawa. Usidondoshe "d" tu, maana "averse" ni mtu asiyetaka jambo: "averse to risk".

Kosa la pili ni hiyo "an". "Weather" haihesabiki, kwa hiyo haichukui "an" wala "s" ya wingi. Ni "due to inclement weather", basi.

Kwenye kutamka, mkazo uko silabi ya pili: in-KLE-ment. Wenye lugha yao wenyewe huteleza wakaandika "inclimate", wakidhani limetoka kwenye "climate". Sisi hutuponza L na R. Ukiandika "increment weather" umetaja nyongeza ya mshahara, na hatujasikia bado bahari iliyochafuka ikimwongezea karani mshahara.

Hata hivyo, kwenye tangazo la boti sisi tusingelitumia kabisa. Mgeni wa Italia au China aliyejifunza Kiingereza ukubwani huenda halijui, na anayelijua bado hajaambiwa kuna nini baharini. Andika: "Cancelled: strong winds and rough sea. Next boat: Tuesday, 7 a.m. Keep your ticket." Saa andika kwa hesabu ya Kizungu, ukimwandikia saa 1 asubuhi kama tunavyohesabu sisi, atafika bandarini usiku wa manane.