Kaka anasema mdogo wetu ni mvivu

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, mimi ni mwalimu, na mdogo wetu analima viazi mviringo kwetu Makete. Mwaka huu mdogo alimwomba kaka amkopeshe hela ya mbolea. Kaka akakataa mbele ya wazazi, akasema umaskini wa mdogo wetu ni uvivu tu, kwa sababu kila akija likizo humkuta saa tisa alasiri yuko kijiweni anacheza bao. Sasa hawapokeleani simu. Je, ni kweli asiyeendelea ni mvivu? Nimwambie nini kaka? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako anamkuta saa tisa. Angefika saa kumi na mbili asubuhi asingemkuta nyumbani wala kijiweni. Nimezunguka mashamba ya viazi ya huko miaka yote ya utumishi wangu, na hata Juni, baridi ikikata vidole, watu wanaingia shambani umande ungali kwenye majani. Tena viazi vina majira yake. Ukishapandishia matuta, kinachobaki ni kupiga dawa ya ukungu na kumwomba Mungu.

Lakini ninachotaka kaka yako akione ni gunia, siku ya kuuza. Mnunuzi anakuja na magunia yake na vijana wake wa kufunga. Gunia likijaa halishonwi. Vijana wanapanga viazi vingine juu ya mdomo, kimoja kimoja, wanazungushia kamba, wanaongeza tena, mpaka kichwa kinasimama. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, la kilo 100, na ukilipandisha kwenye mizani linasoma 130, pengine zaidi. Magunia kumi ya namna hiyo ni kilo 300 zilizokwenda bure. Humo mna mbegu yake, mbolea yake ya mkopo na mgongo wa mkewe. Sheria ya Vipimo inakataza, na kila mtu anajua inakataza. Ila viazi vikishachimbwa havikai kama mahindi, lori limewasha injini, mawingu yanakusanyika, na mkulima hana ubavu wa kubishana.

Kaka yako anauza misumari kwa kilo, na mizani ni yake. Hakuna mteja anayeingia dukani kwake na kipimo chake akajichotea. Namheshimu kwa bidii yake, duka halijiendeshi. Ila asidhani bidii peke yake ndiyo iliyomtofautisha na mdogo wake.

Neno mvivu limeumiza watu wengi nchi hii. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, kampeni ya serikali ya kumtaka kila mtu afanye kazi, watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam kwa kuitwa wazururaji wakapelekwa vijijini kulima, na miongoni mwao walikuwamo wachuuzi wadogo waliokuwa wakijitafutia riziki tangu alfajiri.

Sikatai kwamba uvivu upo. Azimio la Arusha la 1967 halikuwaonea haya wanaume wa vijijini: lilisema wako likizo nusu ya maisha yao, huku wanawake wakifanya kazi hadi saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Basi muulize mdogo wako, kwa upole, bao likichezwa mkewe yuko wapi. Kama yuko porini anatafuta kuni, hapo kaka ana hoja, na mdogo abadilike. Ila hoja hiyo haielezi umaskini wao. Kama jasho ndilo linaloleta mali, huyo mwanamke angekuwa tajiri kuliko kaka yenu.

Mwambie kaka msimu huu asije likizo ya Desemba, aje wiki ya kuchimba, na aje na mizani ya dukani kwake. Mdogo wako naye azungumze na majirani zake wauze pamoja, kwa kilo, lori moja, bei moja, maana mnunuzi akikataliwa na mmoja anahamia shamba la pili. Hela ya mbolea kaka aitoe kama mkopo wa maandishi, irudi baada ya mauzo. Wazazi washuhudie, kwa kuwa mbele yao ndipo mdogo wako alipoitwa mvivu.