Unaomba PhD ya afya ya jamii? Anza na msimamizi na hela, chuo kitafuata

Kila msimu wa maombi ukikaribia napata meseji za watu wanaotaka kufanya PhD ya afya ya jamii, na karibu wote wanaanza na swali moja, eti chuo gani ni kizuri. Mi huwa nawarudishia maswali mawili, nani atakusimamia na nani atalipa. Jina la chuo linaweza kukusaidia baadaye ukitafuta kazi, sikatai, ila miaka ile ya katikati utaishi na msimamizi wako na akaunti yako ya benki, na hivyo viwili ndo vinaamua kama utamaliza.

Kabla hujajaza fomu yoyote elewa kwamba PhD haifanani kila nchi. Marekani unaomba idara nzima, miaka kama miwili ya mwanzo unasoma kozi, unapiga mtihani mkubwa wa kukupima kama uko tayari, halafu ndo unaingia kwenye tasnifu, na yote inaweza kufika miaka mitano au zaidi. Programu nyingi kule zinakulipia ada na kukupa posho ukiwa msaidizi wa utafiti au wa kufundisha, lakini kwenye shule za afya ya jamii usidhani ni automatiki, waandikie uulize kila mwanafunzi anafadhiliwa kwa miaka mingapi. Ujue pia kuna PhD na kuna DrPH (udaktari wa afya ya jamii wa kitaaluma ya kazi), hii ya pili inalenga zaidi viongozi na watendaji na mara nyingi hela yake ni ngumu kupatikana. Halafu zile nafasi za mafunzo za NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani, zinazoitwa T32 ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo kama wewe si mmoja wao usizipigie hesabu.

Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, kozi ni chache, unakuja na swali lako au unaomba mradi uliotangazwa, na hapa ndo watu wengi wanashangaa, kukubaliwa na kupewa hela ni vitu viwili tofauti kabisa. Uholanzi, Sweden na Norway wao PhD mara nyingi ni ajira, wanatangaza nafasi kama kazi nyingine, unaitwa intavyuu, unasaini mkataba, unalipwa mshahara. Kwa mtu asiye na akiba hii njia naipenda kuliko zote na nashangaa wachache sana wanaiangalia, wanabaki kuhangaika na skolashipu tu. Ujerumani nako kuna taasisi ya Max Planck ya Rostock inayofanya utafiti wa demografia, ina shule ya utafiti ya PhD inayounganisha idadi ya watu, afya na sayansi ya data, kama unapenda namba iangalie.

Sasa swali la utafiti, hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya ombi lako. Watu wanaandika andiko la utafiti kubwa kama wanataka kuokoa dunia, "sababu za vifo vya watoto" na kadhalika. Nia ni nzuri lakini kamati inajiuliza kitu kimoja tu, huyu atamaliza ndani ya muda wa ufadhili? Swali linalomalizika linafanana na hili: je, hatari ya mtoto kufa kabla ya miaka mitano pale anapozaliwa muda mfupi baada ya ndugu yake inapungua kama mama amesoma? Hilo lina kundi la watu, lina kitu cha kulinganisha, na data yake ipo, maana zile tafiti za DHS, yaani za kaya kuhusu idadi ya watu na afya, zilizoanza 1984 zimekusanya historia za uzazi za akina mama. Kuna MICS, tafiti za kaya za UNICEF kuhusu watoto na akina mama, kuna IPUMS, hifadhi ya Chuo Kikuu cha Minnesota yenye data za sensa za nchi nyingi bure, na kuna vituo vinavyofuatilia kaya zilezile mwaka hadi mwaka kama Matlab kule Bangladesh tangu 1966 au Agincourt ya Afrika Kusini tangu 1992. Ukisema kwenye andiko lako utatumia data ipi, nani anaitoa na utaichambua kwa njia gani, yaani umeshawapita waombaji wengi sana. Ukitaka kukusanya data mpya mwenyewe sawa, ila andika wazi muda wa kibali cha maadili na gharama za fildi, kibali peke yake kinaweza kula miezi, na posho ya mwanafunzi haijapangwa kulipa wadodosaji.

Imeili kwa msimamizi iwe fupi, aya tatu zinatosha. Soma makala zake za karibuni kwanza, taja moja na useme ungependa kuendeleza nini pale, eleza swali lako kwa sentensi mbili, halafu uliza moja kwa moja kama anachukua mwanafunzi mwaka huo na kama anajua hela iko wapi. Ambatanisha sivii. Akikaa kimya wiki mbili mkumbushe kwa upole mara moja, akikaa kimya tena endelea na mwingine, maprofesa wana imeili nyingi na wala hajakukataa. Kwangu jibu lililofungua njia lilitoka kwa mtu aliyesema hana nafasi ila akanipeleka kwa mwenzake ambaye alikuwa nayo, kwa hiyo hata "hapana" ijibu kwa shukrani.

Upande wa hela anza mwaka mzima kabla, sababu dedlaini za skolashipu nyingi zinafika mapema kuliko za chuo chenyewe. Skolashipu za Jumuiya ya Madola zinaangalia nchi unayotoka, DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, kwa skolashipu zake nyingi za doktoreti inataka usiwe umepitisha miaka sita tangu digrii ya mwisho, Gates Cambridge, ya kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, ni ya wasio raia wa Uingereza, na Oxford ukiomba kabla ya dedlaini ya Desemba au Januari unaingizwa kwenye skolashipu yao ya Clarendon bila fomu nyingine. Kwa walioajiriwa tayari kwenye vyuo na taasisi wanachama barani Afrika kuna CARTA, mpango wa pamoja wa kuwafundisha watafiti wa Afrika, ilianza 2008, ulizia kwanza kama bado inachukua watu wapya, na kwa maoni yangu inawajenga watu vizuri kwa sababu wanakutana na kufundishwa pamoja kwa vipindi. Barua ya skolashipu usiinakili kutoka ile ya chuo. Wanaosoma si wote wa fani yako, wanataka kuelewa tatizo ni la nani na wewe utafanya nini nalo, maneno ya takwimu yaache kwenye andiko. Na wanaokuandikia barua za mapendekezo wape wiki sita, wape andiko na sivii, wakumbushe ulichofanya nao, barua ya jumla-jumla haikusaidii.

Ukipata ofa bila hela, mimi nasema usiende. Najua inauma, nimeshika ofa ya hivyo na ndugu walikuwa wanasema nenda tu Mungu atafungua, lakini niliandikia chuo kuomba kusogeza mwaka mmoja, wakakubali, na ule mwaka niliutumia kuomba ufadhili nikiwa tayari na barua ya kukubaliwa mkononi, kitu ambacho wafadhili wengi wanakithamini. Omba waandike kwamba nafasi yako imeshikiliwa, usitegemee maneno ya simu.

Na ikija ofa yenye hela, kabla ya kusaini uliza kwa maandishi posho ni ya miezi mingapi na tasnifu kwa kawaida inachukua mingapi, nani analipa viza na bima ya afya, fildi na mikutano inatoka mfuko gani, na inakuwaje msimamizi akihama chuo au ukijifungua katikati. Wahitimu wa huyo msimamizi waandikie pia, waulize walimaliza kwa muda gani na miezi ya mwisho waliishi kwa hela ya nani.