Baharini peke yako: nani hushika usukani ukilala?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi cherehani, na chombo pekee nilichowahi kupanda ni mashua za kukodi za Uhuru Park. Nasikia wapo watu wanaovuka bahari kuu kwa tanga wakiwa peke yao. Hulala vipi, na mawingu yakitanda huamuaje? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, usukani mara nyingi haushikwi na mtu. Nyuma ya chombo hufungwa bawa linalofuata upepo, na chombo kikipotoka njia bawa huinama na kuuvuta usukani bila umeme wowote. Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, hakuwa nalo; aliufunga usukani kwa kamba akashuka kulala.

Usingizi ndio wenye taabu. Meli ya mizigo yenye mwendo wa kilomita 37 kwa saa, ikielekeana na mashua ya kilomita 9 kwa saa, hulipunguza pengo lao kwa kilomita 15 katika dakika 20 tu. Kwa hiyo wengi, wakiwa karibu na njia za meli, hutega saa iwaamshe kila baada ya dakika 20, wakazungusha macho pande zote, kisha wakajilaza tena na koti la mvua mwilini. (Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano zinataka pawe na mlinzi wakati wote; mabaharia hawa hawapendi kuulizwa habari hiyo.)

Ama hali ya hewa, uamuzi mkubwa hufanywa chombo kingali bandarini. Anayetoka Visiwa vya Kanari kwenda Karibi, takriban kilomita 5,000 na wiki tatu hivi za safari, hungoja msimu wa vimbunga uishe mwishoni mwa Novemba, kama manahodha wa majahazi walivyoingoja kaskazi iwalete Mombasa na kusi iwarudishe Uarabuni.

Njiani, hatari ya kila siku ni lile wingu jeusi la mvua ambalo usiku halionekani mpaka limekufikia, nao upepo huongezeka maradufu kwa dakika chache. Ndiyo maana mwenye busara hupunguza tanga kabla ya magharibi, hata kama anga ni safi. Atachelewa kidogo, naam, lakini hatalazimika kupambana gizani na tanga lililolowa, akiwa na usingizi, juu ya sitaha inayoteleza. Dhoruba ikizidi, huligeuza tanga la mbele upande wa upepo na kuufunga usukani kinyume chake. Chombo hutulia, kikielea polepole, naye akapata nafasi ya kupika uji.

Maji utayaelewa upesi wewe uliyezoea mgao: dumu la lita 20 humtosha mtu mmoja kwa kunywa na kupika takriban wiki moja, na vyombo huoshwa kwa maji ya chumvi.